Mwaka Yona Alipofua Mbele za Watu

Juzi tumemzika Yona, kule kwao Mbozi, kwenye kona ya shamba ambako mibuni inaishia. Mvua ilitunyeshea tangu asubuhi, na udongo wa kule ukishalowa unang'ang'ania kiatu mpaka unatembea kama mtu mwenye mguu mbovu. Mdogo wake alisimama na karatasi akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, akabatizwa, akasoma mpaka darasa la saba, akapata leseni ya udereva, akaoa, mke akatangulia, ameacha mtoto mmoja. Nikasubiri aendelee. Akakunja karatasi, akaitia mfukoni, kwaya ikaanza. Nyuma yangu mama mmoja akamnong'oneza mwenzie, "Ndiye yule wa kwenye mashine?" Mwenzie akasema, "Ndiye." "Yule aliyenusa?" "Wee, nyamaza, tuko msibani." Nikainamisha kichwa kama naomba, kumbe nauma midomo. Kitu kimoja tu ndicho watu walichokibakiza cha maisha ya mtu yule, na hicho chenyewe wanakijua nusu. Kwenye karatasi hakikuandikwa kabisa. Basi nitakieleza mimi, kwa kuwa nilikuwepo, nimekaa kwenye sofa, nimepakwa rangi ya kucha nyekundu, nacheka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliishia kidato cha pili, lakini nilikuwa na uhakika kabisa kwamba siku moja nitatokea kwenye televisheni, kiasi kwamba nilikuwa najizoeza kusalimia watazamaji huku nikipiga mswaki. Kazi niliyoipata niliiona kama mlango wa huko. Nilikuwa mwonyeshaji wa vyombo katika duka la Mama Jeni pale Tunduma, kwenye barabara ya kuelekea mpakani, ambako malori yanapanga foleni mchana kutwa na vumbi lake linaingia hadi ndani ya friji zilizofungwa. Nilivaa aproni. Nilisaga matunda mbele ya wateja, nikachemsha maji kwenye birika la umeme, na saa za mchana nilipika chakula chetu cha wafanyakazi pale pale dirishani, kwenye jiko la maonyesho, ili wapita njia waone moto unavyowaka bila moshi. Tulikula ugali na mgebuka tukitazamwa kama samaki wenyewe. Wanawake kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walisimama nje na vikapu vyao wakaniuliza kwa heshima ya kwao, "Mukwai, hilo jiko linakula umeme sana?" nami nikawajibu kwa sauti yangu ya televisheni, "Halili, mama, linaonja tu!"

Ukutani kulikuwa na mabango ya siku nyingi, yaliyopauka kwa jua. Yote yalikuwa ya mama. Mama ameshika bakuli, mama ameegemea friji, mama anacheka na jiko kama amekutana na dada yake. Mwanaume, kama yupo, amekaa mezani nyuma kabisa, uma mkononi, anangoja. Sikuwahi kujiuliza chochote. Kisha zikaja mashine mpya za kufulia, na ndani ya maboksi kulikuwa na bango la aina nyingine: mwanaume amekunja mikono ya shati, mtoto yuko mgongoni, anaingiza nguo kwenye mashine, na mke wake kwa mbali anasoma kitabu. Mama Jeni alilishika bango lile mbali na macho kama mtu anayesoma bila miwani. "Huyu ni nani? Mfanyakazi wa ndani?" Yona, aliyekuwa dereva wetu wa kirikuu, kile kigari cha kupelekea mafriji kwa wateja, alikuwa anafuta jasho mlangoni. Akasema, "Bosi, huyo ni mimi." Tukacheka wote. Yona alikuwa mtani, ndivyo tulivyomzoea.

Mimi nikaacha kucheka kabla ya wengine, maana tulipanga nyumba moja, chumba changu na chao vikitenganishwa na ukuta wa tofali moja. Mke wake, Dada Tabitha, alikuwa na mimba na miguu imemvimba hadi vidole vinang'aa. Kliniki walimwambia presha iko juu, asiiname, asinyanyue ndoo. Kwa hiyo Yona alifua. Alifua ndani, mlango umefungwa na pazia limeshushwa. Mashati yake mwenyewe aliyaanika uani kwenye kamba, kila mtu ayaone. Nguo za Tabitha alizitundika kwenye kamba nyingine juu ya kitanda, zikauke kwa joto la chumba. Ukiingia mle unainama chini ya magauni mabichi, harufu ya sabuni imejaa, na Tabitha amelala katikati yake anakuchekea. "Karibu, Atu. Pita chini ya majoho ya kanisa." Nilimwuliza kwa nini wasianike nje. Akasema, "Mdogo wangu, nje kuna watu."

Mama Jeni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjane aliyeogopa mali ikikaa dukani bila kununuliwa, na zile mashine zilikaa. Akasema bango la wazungu halimwambii mtu wa Tunduma kitu, tutengeneze tangazo letu, la watu wa hapa, na kama dunia imebadilika basi na sisi tubadilike nayo kabla ya duka la jirani. Akamwambia Yona, "Wewe si ulisema ni wewe? Fua. Ukimaliza, ile mashine ya maonyesho mpelekee mkeo." Nilimwona Yona alivyotulia. Hakufanya utani tena. Alisema tu, "Kweli, bosi?" kama mtoto.

Aliyepiga picha alikuwa kijana kutoka Mbeya, Beka, ana kofia kaigeuza nyuma. Tulitandika zulia katikati ya duka, tukaazima sofa, tukaweka maua ya plastiki. Mimi nilikuwa mke. Kazi yangu ilikuwa kukaa, kushika glasi ya juisi na kusema, "Mume wangu ni wa kisasa!" Yona akaanza kutoa nguo kwenye mashine, Beka akatikisa kichwa. "Kaka, hizi nguo mpya hazina ukweli. Nenda nyumbani kalete zilizovaliwa." Yona akaondoka na kirikuu, akarudi na furushi la nguo limefungwa ndani ya shuka. Tabitha alikuwa amesinzia, hakumwamsha. Alizoa zilizokuwa kwenye beseni.

Hapo lazima nieleze, maana vijana wa leo wa mjini hawajui. Wiki ile mama yake Tabitha alikuwa amekuja kutoka Isongole kumwangalia mwanawe. Kwa watu wa huko, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anapinda. Kwa hiyo mama yule alilala kwa ndugu zake upande wa sokoni. Asubuhi Yona akishatoka ndipo anakuja, na kabla hajarudi ameshaondoka. Kwa muda wote ule waliishi katika chumba kimoja kwa zamu, kama jua na mwezi, na kila mmoja aliona hiyo ndiyo heshima. Siku ile alikuwa ameacha gauni lake kwenye beseni la mwanawe, lile la kijani lenye kola ya njano alilokuwa anaimbia kanisani. Yona alilitoa kwenye mashine mbele ya kamera, likiwa limekamuliwa karibu kukauka, akalikung'uta. Beka akapiga kelele, "Hapo hapo! Lisogeze usoni. Nusa, kaka. Funga macho. Tabasamu kama mbingu imefunguka!" Yona akanusa, akafumba macho. Nilikuwa karibu naye, nikaona kwamba tabasamu lile halikuwa la kuigiza. Alikuwa anaiwazia ile mashine ikiingia chumbani kwao.

Tangazo lilipendeza, sitasema uongo. Mama Jeni aliweka runinga kubwa kibarazani na spika mbili, na sauti nzito ikawa inarudia, "Baba anafua, mama anapumzika!" Watu walijaa mpaka bodaboda zikakosa pa kupita. Mama mmoja wa Nakonde aliuliza kama mwanaume anauzwa pamoja na mashine au kando. Nilikuwa nimesimama pale nimejaa sifa, natafuta watu wanaonitambua, ndipo nikamwona mama yake Tabitha, na begi lake la safari, anaelekea kwenye gari za Isongole. Alisimama kama wengine, akatazama. Kisha akakaa chini, vumbini, akajifunika kitenge kichwani mpaka sura yote ikapotea. Nikakimbia. "Mama, unaumwa?" Alisema kitu kwa Kindali, halafu akasema tena ili nielewe. "Gauni langu. Ananinusa. Ananinusa mbele ya watu." Na spika juu ya vichwa vyetu ikaanza upya.

Hakurudi kumuaga mwanawe. Jioni, nilipokwisha kuwaeleza, Yona alikaa kizingitini, viatu bado viko miguuni. "Mimi nilijua ni lako," alisema. Tabitha akamjibu, "Langu mimi lina kola?" Hapakuwa na ukali kwenye sauti yake, nami ukutani kwangu nilitamani ungekuwepo.

Mama Jeni, nilipomweleza, alizima runinga siku ile ile. Lakini tangazo lilishaingia kwenye simu za watu, na kitu kikishaingia huko hakina mlango wa kutokea. Vijana wa bodaboda walimwita Yona Mnusaji. "Oya Mnusaji! Mama mkwe hajambo?" Alikuwa anapandisha friji kwenye kirikuu, mishipa imemtoka shingoni, anasema tu, "Hajambo, asanteni." Ndugu zake wa Mbozi nao walikuja na lao. Wao gauni halikuwaumiza. Kilichowaumiza ni kufua. Dada yake mkubwa alisimama uani akasema wazi, bila kupunguza sauti, "Mwanaume wetu amewekewa limbwata. Haiwezekani mtu mwenye akili zake afue chupi za mke halafu acheke." Tabitha alikuwa ndani, chini ya magauni yake. Baada ya muda mfupi akaja mjomba wake kutoka Isongole, akamchukua. Alisema atakaa kwao mpaka upande wa mume waje kusafisha aibu ile. Yona alimfungia mkewe koti mwenyewe, akampa mto wa kuwekea miguu kwenye gari. Mashine ya kufulia ililetwa siku chache baadaye kama alivyoahidiwa. Aliiweka pembeni ya kitanda, na hakuichomeka.

Siku hizi ukifungua simu unaona mwanaume anapika, anafua, anambadilisha mtoto nepi, na wenye duka wanamwekea muziki mzuri. Binti zangu wanapita tu, hawashtuki. Nafurahi, tena sana. Ila najua kwamba picha ile ilipofika kwetu mara ya kwanza haikumpata mtu aliyefundishwa kufua na tangazo. Ilimkuta mtu ambaye tayari anafua, ikamtoa ndani alikokuwa amejifungia na mapenzi yake.

Wazee wa pande mbili walipatana. Baba yake Tabitha alisema wazi kwamba lile lilikuwa jambo la bahati mbaya, na jambo la namna ile lina njia yake: upande wa mume walete mbuzi, maneno yasemwe, waoshe mikono, basi liishe, Tabitha arudi kujifungulia kwake. Yona alinunua shati jeupe. Siku waliyopanga ikaangukia gulio la Isongole, na Mama Jeni alikuwa amenituma huko na gari la matangazo la kukodi. Tulikuwa na tangazo jipya. Baada ya wanaume kulalamika tulilipiga upya, safari hii mimi ndiye niliyeinama kwenye mashine na mwanaume mwingine akakaa kwenye sofa. Mama Jeni alisema dunia imebadilika, lakini siyo haraka hivyo. Tulipolionyesha, gulio likazomea. "Hilo la nini? Wekeni lile la Mnusaji!" Nikamwambia mtangazaji, "Kaka, lile hapana, nakuomba, nyumba yao ni ile pale nyuma ya migomba." Akacheka. Lilikuwa kwenye flashi yake. Kabla sijazunguka gari nikachomoa waya, spika ilishasema, "Baba anafua, mama anapumzika," na gulio zima likaitikia kwa shangwe.

Nilikimbilia ile nyumba ya nyuma ya migomba. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja, beseni la maji liko katikati, mbuzi ameshikwa kamba na baba yake Tabitha. Mzee yule aliiachia kamba, siyo kwa hasira. "Nendeni, jamani," alisema. "Hatuwezi kuosha kitu ambacho wenzetu wanakichafua huku tunakiosha." Yona alikuwa amepiga magoti na shati lake jeupe, anatazama lile beseni. Ndipo Tabitha akatoka ndani, polepole, anashika ukuta, begi liko mkononi. Sauti ya mama yake ikamfuata kutoka gizani mwa nyumba. "Tabi. Ukitoka hapo sitakuja kukukanda."

Mwanamke akijifungua, mama yake ndiye anayekuja kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji, kumshikia mtoto. Kukosa hilo si jambo dogo. Tabitha alimtazama Yona. Akasema, "Atanikanda yeye."

Tulirudi Tunduma na gari la matangazo, kwa kuwa hapakuwa na usafiri mwingine. Pembeni mwa gari kulikuwa na picha yangu nimeinamia mashine, meno yote nje, na ndani yake tumekaa mimi, Yona na Tabitha.

Mtoto alizaliwa, wa kike. Majirani waliokuwa wakija kwa kila mzazi safari hii walikuwa na shughuli. Yona akaomba ruhusa kazini akamkanda mkewe. Nilikuwa namshika mtoto, nimewapa mgongo, nasikia taulo likikamuliwa. "Moto sana?" "Kidogo." "Sasa je?" "Hapo." Alipika uji wa ulezi, ukawa na mabonge, Tabitha akala na mabonge yake akasema ni mtamu. Siku zile mashine ilichomekwa. Bomba hatukuwa nalo ndani, akaijaza kwa ndoo, nepi zikazunguka, sisi wote tukaitazama kama runinga. Nilicheka sana kwenye chumba kile, na ni kweli nilicheka. Lakini presha haikushuka. Mtoto hajafikisha mwezi, asubuhi moja Tabitha akasema kichwa kinampasuka na haoni dirisha. Tulimpakia kwenye kirikuu, nimemlaza mapajani mwangu, degedege likamshika njiani. Hospitali walifanya walichoweza. Nilitoka nje na mtoto, nikamwona Yona amesimama uani, mikono ameinyoosha mbele kama mtu aliyeambiwa apokee kitu na hapewi.

Tulimzika Mbozi, kwa kina Yona. Watu wa Isongole walikuja, na mama yake alimbeba mjukuu tangu aliposhuka kwenye gari. Kesho yake, watu wakinywa chai, aliniita nyuma ya jiko. Mtoto yuko mgongoni, analia ile sauti iliyokwisha chakaa. Yona alikuwa upande ule ule, anapasua kuni. Alipomwona akageukia ukuta upesi. Mama naye akageukia mibuni. Nikabaki katikati.

"Atu," alisema, "muulize. Mtoto hulalaje? Tangu jana hajafumba jicho."

Watu wa namna hiyo wakilazimika kuongea, wanaongea kupitia mtu. Yona alikuwa hatua chache tu, amesikia kila neno, lakini alingoja. Nikamgeukia. "Mama anauliza mtoto hulalaje."

"Mwambie mama, anawekwa begani, kichwa kikitazama nyuma. Anapigwapigwa mgongoni, ila asiimbiwe. Akiimbiwa anaamka."

Nikalipeleka neno. Mama akamtoa mtoto mgongoni, akamweka begani. "Muulize, maji ya kumwogesha?"

"Mwambie, ya vuguvugu. Unatia kiwiko. Na aanze na miguu, akianzwa kichwa anashtuka."

"Muulize nani alimfundisha hayo."

Niliuliza. Shoka lilikuwa bado mkononi mwa Yona, ameliegemeza kwenye ukuta. "Mwambie, Tabitha. Alikuwa amelala ananielekeza."

Mtoto alikuwa amepunguza sauti. Mama yule akatazama mibuni, na alipofungua mdomo alisahau kunitaja. "Alikuwa anasemaje?"

Nikafungua kinywa nilipeleke swali, Yona akawahi. "Alisema ndivyo mama yake alivyokuwa anafanya."

Basi nikanyamaza. Wakaendelea wenyewe, wamepeana migongo, yeye akiuliza mibuni na Yona akiujibu ukuta: tumbo likimsumbua, uji gani baadaye, upande gani analalia. Hapakuwa na msamaha uliotajwa wala mbuzi.

Siku ya kuondoka mtoto alikwenda Isongole na bibi yake, kama ilivyokuwa imekwisha amuliwa na wakubwa, na hakuna aliyemwuliza Yona. Alileta kifurushi cha nguo za mtoto alizozifua usiku kucha zikauke kwa moto wa jikoni, akakiweka chini kwenye majani, akarudi nyuma na kugeuka. Mwanamke mmoja wa Isongole akainama akifungue, aone kama nguo ni safi. Mama yake Tabitha akamshika mkono. "Acha," alisema. Akakiokota mwenyewe, akakitia kwapani, akapanda gari.